Walipohesabu Bahasha Nyeusi

Mpendwa Baba,

Nakuandikia huku nacheka peke yangu, na Mama ananichungulia mlangoni akidhani nimerukwa na akili. Tumeshinda kesi, Baba! Kiti cha bunge ni chetu.

Unakumbuka ile kura ya mwaka wa tisini na tatu? Ulinitandazia bahasha mbili mezani, hapa hapa Buyenzi, ukanifundisha kama mtoto wa darasa la kwanza: karatasi ya chama unachokitaka inaingia nyeupe, za vyama unavyovikataa zinaingia nyeusi, na kila bahasha ina sanduku lake. Kisha vita vikaingia. Wewe, wakili uliyebaki bila kesi, ukawa unabishana na Baba mdogo kila jioni.

"Juji anajua nini mu mambo ya kura?" alikuwa akikuchokoza. "Ile ni politiki."

"Mahali juji ananyamaza, bunduki ndiyo inasema," ukamjibu, ukaomba chai nyingine.

Ulituacha kabla ya amani. Mwaka huu nikagombea, tukaangushwa. Nilipoyatazama matokeo ya kituo kimoja cha Ngagara nilishtuka: vyama visivyo na hata shabiki vimepata kura kedekede, vyote karibu sawa, chetu kimeambulia chache. Baba, wasimamizi walikuwa wamefungua sanduku la nyeusi! Walihesabu waliokataliwa.

Baba mdogo akanisihi: "Mutoto yangu, acha. Matokeo yameisha kusomwa. Ukipeleka hii mu tribinali, vita itarudi." Niliogopa, sikufichi. Lakini nilishtaki.

Wakili wa upande wa pili akasema mahakama haina mamlaka juu ya kura za wananchi. Jaji akamtazama kwa upole: "Wananchi wamekwisha kusema, Maître. Tunataka tu kusikia walisema nini." Akaamuru sanduku la nyeupe lifunguliwe mbele ya kila upande. Kiti kikarudi kwetu, nami nikalia mbele za watu bila haya.

Nje, vijana wa mpinzani wangu, yule bwana aliyekuwa ametangazwa mshindi, walikuwa wakimsubiri, wamenuna. Nilikumbuka onyo la Baba mdogo. Yule bwana alipotoka akawapita, akanipa mkono.

"Hongera, Madame. Tutaonana mu kura ingine."

Kisha akawageukia wale vijana: "Twende nyumbani." Wakaenda, Baba. Wote wakaenda nyumbani.

Pumzika sasa.

Binti yako, Mheshimiwa Mbunge