Uso Niliousafisha kwa Mate

Wheaton, Maryland

Kwako Mama,

Mguu unaendeleaje? Usinijibu "afadhali" tu kama kawaida yako, niambie kama unafika sokoni bila kupumzika njiani. Mimi mwili uko sawa. Roho ndiyo imechafuka. Wiki nzima sina raha, kwa hivyo leo lazima nikuambie.

Unajua niko kwa bosi wa kutengeneza fremu za picha. Siku moja alinikuta nikichora kwa karatasi ya kufungia vitu, akashangaa. "Nani alikufundisha?" Nikamwambia hakuna, nilikuwa nachora mabango ya vinyozi Nakuru. Basi akaniletea mchoro wa mama mmoja wa Kizungu, mke wa bwana mkubwa wa zamani sana, miaka ya elfu moja mia sita huko. Kola ya lesi pana kama sinia, lulu shingoni, na uso wote umeshika uchafu wa rangi ya chai. Bosi akanipa pamba. "Tema mate, halafu upanguse polepole."

Mama, nilikataa! Nimtemee mtu mzima mate usoni? Nilidhani ananicheka. Akatema yeye mwenyewe, akapangusa, pamba ikatoka nyeusi tititi. Kumbe ndivyo wanavyosafisha, mate hayaumizi rangi. Wiki tatu natema napangusa, natema napangusa, moshi na mafuta ya watu waliokufa zamani, pamba zinanuka kama meno mabovu. Halafu bosi akaona kwenye mashavu kuna rangi ya juzijuzi imepakwa juu ya ile ya kwanza. Akaitoa kwa dawa. Chini yake, makovu ya ndui! Mengi! Aliyemchora aliyaweka moja moja, hakuruka hata moja. Kama yako, Mama, yale niliyokuwa nikiyapapasa ukinipakata mpaka nalala.

Nilifurahi nikaruka. Ijumaa mwenye mchoro akaja kutoka Springfield, jamaa anayejigamba kwamba huyo ni nyanya wa ukoo wao. Akaangalia, akarudi nyuma.

"Yaak! Ni nini hiyo?"

"Ndui," nikasema. "Ndivyo alivyokuwa."

"Hii naitundika mahali pa kulia chakula. Mke wangu ale akiangalia uozo? Funika."

Nikamvuta bosi kando. "Mama yangu ana uso kama huo."

"Na mama yako ametundikwa kwa ukuta wa watu? Fanya kazi, kijana. Ama nitafute mwingine?"

Wewe ungetoka, najua. Lakini hapa nani mwingine atanipa brashi? Wote wananipa ufagio. Nikaketi, nikachanganya rangi, nikayafunika moja moja mpaka mashavu yakawa laini kama kipande cha sabuni. Na nilifanya vizuri, hiyo ndiyo inanichefua kabisa. Hakuna mtu atajua. Jumanne jamaa akarudi, akanipiga bega: "Sasa anafanana na mwanamke."

Nikasema asante, Mama. Asante!

Nisalimie Baba Mdogo pale kwa kinu cha posho, na dada yangu, mwambie asome. Nyanya Shosho akiuliza nimeandika nini, sema ni habari za baridi tu. Na wewe ukijibu usiniambie pole. Nigombeze.

Mwanao,
Kamau