Mtafiti Hana Upande

Heidelberg, 3 Novemba 1913

Mume wangu Reinhold,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, ila baridi imeanza kuuma na mama yako analalamikia magoti. Wewe je, kikohozi kimepungua? Huko Plauen unakula, au unaishi kwa kahawa na sigara?

Kurasa za utafiti wako nimezipokea, nimeanza kuzinakili. Wanawake wote wa kiwandani umewauliza mambo yale yale, nao wamekujibu kwa adabu. Ila huyu Selma Zeidler! Umeandika kama alivyosema: "Mimba yangu ilitoka palepale kwenye mashine, na msimamizi akakataa kuizima. Ungekuwa du, ungefanyaje?"

Du, Reinhold, ile "wewe" ya watu waliozoeana! Wenzake wote wamekuita Sie, kama mtu anavyomwita bwana mgeni. Mimi na wewe tulichumbiana mwaka mzima kwa Sie kabla hatujathubutu kuitana du. Yeye amekujua tangu lini? Wivu unanichoma, sikufichi.

Mkeo,
Ottilie

Plauen, 9 Novemba

Mke wangu Otti,

Barua imefika, ahsante. Kikohozi bado kipo, lakini viazi nakula mpaka nachoka. Mpe mama pole ya magoti.

Umenichekesha. Watu wa viwandani huitana du ovyo tu. Nami niliandika alivyosema kwa sababu mtafiti hana upande: haongezi, hapunguzi, hapendi, hachukii. Januari nitasimama Berlin mbele ya maprofesa wanaogombania jambo hilihili, niwaonyeshe kwamba linawezekana. Pilipili usiyoila yakuwashiani?

Mumeo,
Reinhold

Heidelberg, 14 Novemba

Mume wangu,

Hujambo? Sisi wazima.

Pilipili hiyo niliapishwa nayo kanisani, ndiyo maana inaniwasha. Watu wa viwandani huitana du wao kwa wao, si na bwana aliyetoka chuo kikuu na kola nyeupe. Mbona hao wengine hawakukuita hivyo? Wao si wa kiwanda kilekile?

Lisemwalo lipo, na hili limeandikwa kwa mkono wako. Kama kweli huna upande, basi andika mwanzoni mwa ripoti kwamba wewe na Selma mnaitana du, maprofesa wapime wenyewe. Au utaona haya?

Mkeo,
Ottilie

Plauen, 12 Desemba

Otti wangu,

Nisamehe kwa kukaa kimya. Natumaini hamjambo. Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa.

Ni kweli. Jioni nilikuwa nikimsindikiza kwao. Tulishikana mikono, hakuna zaidi, na yamekwisha. Krismasi nitakuwa nyumbani.

Ila siwezi kuliandika hilo. Berlin watanicheka mpaka nizeeke. Nimeona njia: maneno yote ya Selma yatoe. Ripoti itabaki safi, nawe utapumua.

Mumeo akupendaye,
Reinhold

Heidelberg, 17 Desemba

Reinhold,

Natumaini kikohozi kimekuacha. Mama yako hajambo, bata bukini wa Krismasi tumeshamnunua.

Umeniletea zawadi nisiyoiomba. Nilitaka uachane naye, sikutaka umzibe mdomo. Nimemchukia mwanamke huyu nikipika, nikifua, nikisali. Nimemwazia pua mbaya na meno ya njano. Lakini hata siku moja sikusema kwamba mimba yake haikutoka. Hakuna mwingine kule kiwandani aliyethubutu kumtaja msimamizi, na wewe usiye na upande ndiye unayetaka kumfuta, ili usichekwe!

Ripoti nimeipeleka posta leo asubuhi, iende Berlin. Maneno yake yamo yote, na ile du imo. Mwanzoni nimeongeza haya, nikaweka jina langu chini: "Mtafiti alimpenda shahidi huyu. Mke wa mtafiti anamchukia. Wote wawili tunajua kwamba anasema kweli."

Bado namchukia. Krismasi njoo ukitaka, mama yako anakungoja.

Ottilie