Watu Wasiojenga Nyumba

Kitengela, Agosti 2004

Kaka Adow,

Assalaam aleikum. Sisi tuko wazima, na mbuzi wa Mama amezaa mapacha. Natumai biashara ya ng'ombe huko Rombo inakuendea vizuri.

Uliniuliza kwa simu kwa nini kwenye ile gemu ya vita mimi huchagua wapanda farasi wasiojenga nyumba. Jumamosi nilicheza na Wahu, rafiki yangu wa shule, pale saiba tunapolipia kompyuta kwa dakika. Yeye hupenda watu wa ngome. Alichoma kambi yangu yote, lakini nikavusha watu na kondoo wangu ng'ambo ya mto, nikaanza upya, nikamshinda.

"Lakini Faysa, si hao watu hawana kwao?" akaniuliza.

"Wako na kwao. Ni pale wako wote pamoja."

Nilikuwa nawaza vile tulitoka Wajir, halafu Garissa. Usishtuke, lakini nyumba tunayopanga imeuzwa, na mwisho wa mwezi tunahamia Kiserian. Safari hii Mama hajalia. Nilipomwambia Wahu, alinishika mkono.

"Hata Kiserian kuko na saiba," akasema. "Nitakuja, na nitakuchapa."

Njoo utupate huko.

Dada yako,
Faysa