Kifuko Changu cha Mchele

Mwenzangu, uko hewani? Nimejifungia chooni hapa klabuni kwetu kwa kulenga shabaha, nacheka mpaka machozi!

Unakumbuka shemeji, huyu mume wa dada, alivyonicheka mbele ya watu? Eti kile kifuko changu cha mchele, ninachoweka chini ya kitako cha bunduki isitikisike, ni "mto wa kichanga". MTO WA KICHANGA!

Basi leo fainali, shabaha iko kuleee. Kifuko cha shemeji, kile cha dukani, kimegoma kutulia. Nageuka, namwona anabeba changu. Bila hata kuniomba!

Na mshono wa kifuko hicho ulifumuka jana, nikaushikiza kwa uzi kidogo tu. Nilijua. Nikakunja mikono, nikamtazama.

Akalala kifudifudi, akakiminya ili alenge sawasawa. Pwaa! Mchele wote chini, kitako kikadidimia, risasi ikachimba tuta la udongo lililo nyuma, juu kabisa ya shabaha.

Wa kwanza kuangua kicheko? Dada mwenyewe!

Shemeji akanijia amevimba: "Kwa nini hukuniambia kimefumuka?"

Nikamwambia, "Shemeji, ule si mto wa kichanga? Sikujua na wewe unaulalia."