Nyumba ya Chacha

Jumatatu, 2 Septemba 1974
Nimefungua zizi, nimewatoa ndama kupe. Zizi moja, milango miwili: mmoja wangu, mmoja wa jirani yangu Chacha. Baba zetu walilijenga hivyo huku juu ya kilima cha Mbalibali. Kamanda wa mgambo amepita tena. Kufikia Jumamosi wote tuwe tumehamia kijiji kipya cha serikali. Mimi nimekubali. Chacha amemtemea mate miguuni. Mjinga.

Jumatano, 4 Septemba
Wameanza bondeni. Nyumba zinachomwa na ulezi ndani. Mzee mmoja alikataa kutoka, wakamburuta kwa miguu, kichwa kinagonga mawe. Amekufa mchana.

Alhamisi, 5 Septemba
Nimeingizwa mgambo kwa nguvu. Kesho ni zamu ya nyumba ya Chacha. Nimeomba niichome mimi. Mtu mwingine atateketeza na chakula. Nikimwonya nafungwa. Sikumwonya. Mwoga mkubwa mimi.

Ijumaa, 6 Septemba
Chacha alikuwa mtoni na ng'ombe. Nilimwamkia mama yake shikamoo, nikambeba nje. Ndiye aliyenilea mama yangu alipofariki. Nikatoa magunia yote ya ulezi. Ndipo nikawasha. Chacha akatokea, moto bado uko mkononi mwangu.

"Marwa? Ni wewe unanichomea?"

Rungu likashuka. Mfupa wa mkono wa kulia niliusikia ukivunjika. Wenzangu wakaja mbio, wakampiga vitako vya bunduki kwa ukaidi wake mpaka meno yakamtoka. Kamanda akauliza nani kanivunja. Nikasema boriti imeniangukia. Wakamwacha kwenye vumbi.

Sijamsamehe. Sikutaka afungwe, basi. Jioni wakachoma na ya kwangu.

Jumapili, 15 Septemba
Kijijini. Nyumba zimepangwa mstari kama askari. Chacha amepewa kiwanja mwisho kabisa wa kijiji. Hatusemezani. Kule kwetu yamebaki majivu na samadi.

Mkono umefungwa, watoto bado wadogo, siwezi kuchunga. Tangu Jumanne Chacha anakuja asubuhi, anafungua zizi langu, anachanganya ng'ombe wangu na wake, anaondoka nao. Jioni anawarudisha. Salamu hakuna. Ninamchukia, na kila asubuhi nasikiliza kama anakuja.

Jumanne, 29 Oktoba
Mkono umepona. Tangu Jumamosi nanyanyua ndoo mke wangu akiwa hayupo. Leo alfajiri niliufunga tena kitambaa shingoni, nikakaa mlangoni. Chacha akafika. Akautazama mkono.

"Bado unauma?"

Maneno yake ya kwanza tangu ule moto. Nikamwambia bado.