Waridi Juu ya Ufuo

Jumanne, mwishoni mwa Shaabani. Upepo umekata tangu jana, vichochoro vyote vinanuka mtaro, na mimi nimeoga mara mbili tangu nirudi nyumbani na bado najiona mchafu.

Uchafu wenyewe najua si wa mwilini. Nimeoga tu kwa kuwa sikujua la kufanya jingine.

Kwa asiyenijua, kazi yangu ni kutembeza wageni Mji Mkongwe. Simo katika wale wanaoongoza kundi zima kwa mwavuli ulionyanyuliwa juu. Mimi huchukua mtu mmoja, wawili, wanaotaka kuzijua nyumba: ukuta umejengwa kwa nini, boriti zimetoka wapi, kwa nini baraza imewekwa nje na ua ukafichwa ndani. Naipenda kazi hii. Nalisema hilo mapema, maana atakayesoma haya mpaka chini atadhani naichukia.

Wageni wa leo walikuwa mke na mume kutoka Arusha. Mke ni Neema, mwalimu wa sekondari, mpole, msikivu. Mume ni Godwin, mkandarasi wa majumba, na kila ukuta tuliopita aliugonga kwa vidole akasikiliza kama daktari. Simu mkononi muda wote, anapiga picha hata nyaya za umeme. Walikuwa wameniambia mapema kwamba wanataka kuona namna watu wa mji huu walivyooga zamani. Ombi zuri hilo. Nikawaanzishia Hamamni, kwenye nyumba ya kuogea ya zamani.

Hamamu ile haina maji miaka mingi. Unashuka vidato, unakuta vyumba vyeupe vitupu, mabirika makavu na sauti yako mwenyewe. Nikawaonesha maji ya moto yalivyopita chini ya sakafu, na matundu ya mwanga kwenye dari. Neema akauliza, "Na watu wa kawaida, dada, wasio masultani, walioga wapi?"

Nilimpenda kwa swali hilo. Watu huniuliza tu sultani alikuwa na wake wangapi.

Tulipotoka nje akanionesha simu yake. Kuna hoteli iliyo karibu, akasema, wamelipia waoshwe miguu huko, kwenye bafu la kale la kifalme, na angefurahi kama ningewaeleza jengo lenyewe. Nikatazama picha. Nikaujua uchochoro kabla sijaujua mlango.

Ilikuwa nyumba ya bibi yangu.

Bibi mzaa mama aliishi humo mpaka akafa humo. Warithi walikuwa wengi, wengine hawajawahi hata kulala pale usiku mmoja, na jambo la warithi wengi mwisho wake unajulikana. Ikauzwa. Ikawa hoteli. Mimi hupita pale na wageni kila wiki, tunasimama ng'ambo ya uchochoro, nasema ninayoyasema juu ya nakshi za mlango, tunaendelea. Tangu ifunguliwe sikuwahi kuvuka kizingiti. Na leo ningeweza kuwaambia wageni nawasubiri nje. Hakuna aliyenilazimisha. Udadisi ulinishika mkono ukaniingiza.

Kwanza, mlango wenyewe si wa bibi. Ule wa zamani umekwenda, Mungu ajua kwa nani, na huu uliopo umechongwa juzi ukapakwa mafuta machafu upate kuonekana mzee. Nimekuwa nikiusifia mbele za watu kwa kuwa sikuwahi kuusogelea. Ndani, kuta zimekandikwa saruji. Godwin akagonga, akatikisa kichwa.

"Huu ukuta hautahema," akasema. "Mawe haya yalitaka chokaa. Angalia unavyotoka jasho."

Kweli ukuta ulikuwa unatoka jasho, na harufu ya ukungu imefukizwa udi isisikike. Kisima cha uani kimefunikwa kwa meza ya kuuzia juisi. Niliyatazama haya yote kwa kinyaa cha kawaida, kinyaa cha mtu wa kazi, kile ambacho nimekizoea. Ningeweza kurudi nacho nyumbani nikala nikalala.

Kisha Abdulla akatupeleka chumba cha nyuma.

Abdulla ndiye meneja. Kijana wa hapa hapa mjini, kalelewa Vuga, kafanya kazi ya hoteli Dubai akarudi na suti. Ananijua kwa sura, na hajui kwamba nyumba ile ilikuwa yetu.

Chumba cha nyuma kipo chini, pembeni ya ua, kina kidirisha kidogo juu kabisa. Katikati ya sakafu, mahali ambapo zama za bibi palikuwa na mstari mrefu wa mchanga usiotiwa chokaa, sasa pamechimbwa bonde la marumaru nyeupe. Lina maji ya vuguvugu na maua ya waridi yanaelea. Pembeni mito, taulo zilizokunjwa vizuri, na kibao: Bafu la Bibi Harusi wa Sultani. Abdulla akaanza kueleza jinsi mabibi harusi wa kifalme walivyorowekwa pale siku saba kabla ya kutolewa.

Ule mstari wa mchanga ulikuwa mahali pa ufuo.

Kwa asiyejua: mtu akifa hulazwa juu ya kitanda cha kamba akaoshwa, na chini ya kitanda huchimbwa shimo refu maji yote yaingie humo, yasitambae wala kukanyagwa. Shimo hilo ndilo ufuo. Akishaoshwa, linafukiwa. Katika nyumba ya ghorofa huwezi kuchimba sakafu ya juu, ndiyo maana waliojenga nyumba ile waliacha ukanda wa mchanga kwenye chumba cha chini. Kila aliyefia humo aliteremshwa ngazi akaoshewa hapo. Watoto hatukuruhusiwa kucheza chumbani mle, na hatukuhitaji kuambiwa mara mbili.

Wenye hoteli wameukuta ukanda ule, wakajua ni mahali pa maji, wakaishia hapo.

Lakini kilichonivuruga zaidi ni harufu. Ilinipiga puani kabla sijaliona bonde. Majani ya mkunazi yaliyotwangwa, na karafuu maiti, ile kafuri inayotiwa kwenye maji ya mwisho na kwenye sanda. Nikamuuliza Abdulla nani aliyetia vitu vile kwenye maji.

"Mie mwenyewe," akasema, na uso wake ukakunjuka kwa furaha. "Wageni wanataka asili. Harufu hii naikumbuka tangu mdogo, kwetu, nyumba imejaa watu, masufuria ya wali uani, shangazi zangu wote wapo. Nkenda sokoni Darajani nkanusa mpaka nkaipata."

Nilimtazama nikaona kwamba hajui. Mtoto wa kiume aliyeachwa uani na wanaume wakati maiti wa kwao, pengine bibi yake, anaoshwa ndani, akabakia na harufu tu akadhani ni ya sherehe. Ningepaswa kumhurumia. Nilichokiona ni Neema, ambaye ameshavua viatu, ameshakaa kwenye mto, na nyayo zake mbili zimo majini, vidole vinacheza na waridi.

Nikapiga hatua mbili mpaka ukingoni mwa bonde.

"Toa miguu," nikamwambia. Sikusema kwa adabu.

Akanitazama. "Kuna nini, dada?"

Nikawaambia. Nikasema pale si bafu la bibi harusi yeyote, pale ni mahali pa kuoshea maiti, na wa mwisho kuoshwa pale ni bibi yangu, na mimi nilikuwa nimemaliza skuli tu, nimeshika kata namimina maji. Neema aliruka kama aliyemwagiwa makaa. Akajifuta kwa mikono, kisha kwa shuka yake ya kimasai, analia, "Mungu wangu, dada, nisamehe, sikujua." Nilimwona analia nikajua kwamba nimeshinda. Yatosha. Hapo ndipo ningefunga mdomo.

Sikufunga. Hasira ilikuwa tamu, na walikuwa wananisikiliza kwa kweli, si kwa heshima ya mgeni kwa mtembezaji. Nikaendelea. Nikasema jina la bibi. Nikasema nani alimwosha: mama mdogo Zuwena, mdogo wake mama yangu, aliyemwosha mama yake mzazi kwa mikono yake. Na nikasema lile tulilolikuta mwilini mwa bibi tulipomfunua.

Mwosha maiti halisemi alionalo. Akiona jema au akiona baya, analifunika pamoja na sanda. Mama mdogo Zuwena alituambia siku ile, sisi tuliomsaidia kuosha, mlango ungali umefungwa, akatutazama mmoja mmoja: "Hili mmeliona na maji yamekwenda nalo. Asilisikie mtu." Hata mama yangu, aliyekuwa ukumbini anapokea waliokuja kutoa pole, hakuambiwa. Bibi alikuwa ameishi nalo umri wake wote ndani ya kanga zake, hakumwonesha mtu, na lazima alikuwa na sababu.

Nimelisema leo mbele ya mkandarasi wa Arusha, ili nimwaibishe meneja wa hoteli.

Humu silirudii. Najua kuandika nako ni kusema, na sijui kama nafanya vyema kuandika hata haya. Lakini jina lake halimo humu, wala la hoteli.

Abdulla akachutama ukingoni. Macho yameinama kwenye maji. Nikadhani imemwingia, kwamba ameijua ile harufu ni ya nini na anamkumbuka bibi yake. Labda kwa kitambo kidogo ndivyo ilivyokuwa. Kisha akainua uso, na macho yalikuwa yanang'aa.

"Dada," akasema, "mbona hukutwambia siku zote? Hii ndo khabari yenyewe! Mabibi harusi kila hoteli wanao. Hii hana mtu."

Akaanza kupanga pale pale. Kibao kitabadilishwa. Taa zitapunguzwa. Ubani. Mgeni atalala badala ya kukaa, ataoshwa taratibu na mikono ya kike, atafunikwa nguo nyeupe, atakaa kimya atafakari maisha yake. Na mimi nije nisimulie, kwa sauti ile ile niliyotumia leo. Hakuwa na dharau hata chembe. Alikuwa ananisifu.

Nilitoka, nikapita meza ya juisi, nikapita mlango wa uongo, nikafika uchochoroni nikatapika mtaroni mbele ya duka la kanga. Mama wa dukani akaniletea maji, akaniuliza kama nina mimba.

Neema alinifuata. Aliniomba radhi tena na tena, wakati hakuwa na kosa, akasema matembezi yaishie hapo. Godwin alinipa mkono. "Pole sana, dada. Umenigusa moyo," akasema. Nikashukuru. Nilimwona muungwana.

Baada ya magharibi Abdulla kanitumia ujumbe, namba yangu kaipata kwa Godwin. Picha ya video. Nimejiona mwenyewe ndani ya chumba kile, mtandio umenishuka, kidole kimenyooka kuelekea bondeni, sauti yangu inapiga ukuta. Imechukuliwa kutoka nyuma ya Neema. Godwin alikuwa anapiga tangu niliposema toa miguu, na sikumwona, kwa kuwa tangu asubuhi nimeshamzoea na simu yake. Kamtumia Abdulla kama kumbukumbu. Video inakwenda mpaka mwisho. Lile neno limo, linasikika wazi, na jina la bibi limo kabla yake.

Chini ya video Abdulla kaandika: "Mashaallah dada, umesema vizuri mno. Tupatie na picha ya marehemu kama ipo, tuitundike."

Nikampigia. Nikamwomba aifute. Nilimwomba kama mtu anayeomba, si kama nilivyosimama mchana. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, na kwa haki yake niseme, sauti yake ilishuka.

"Dada, mie ntaifuta sasa hivi, wallahi. Lakini nshawapelekea wenye hoteli. Na wao washaiweka kwenye ukurasa wao."

Nikampigia na Neema. Alilia tena. Ameahidi Godwin atafuta ya kwake. Namwamini, na haisaidii kitu.

Mdomo uliponza kichwa, husemwa. Wangu umemponza maiti.

Mchana kutwa nimemchukia Abdulla kwa kutia waridi juu ya ufuo. Sasa nakaa hapa na nywele zangu bichi za kuoga na siwezi tena kumchukia inavyopasa. Yeye aliyapamba maji yaliyokwisha kufukiwa. Mwili wa bibi umefunuliwa na mjukuu wake.

Mama mdogo Zuwena anaishi Jang'ombe kwa mwanawe. Simu yake ni ya kubonyeza, haioneshi video, lakini wajukuu zake wanazo kubwa, na jambo la Mji Mkongwe halichukui siku mbili kufika Jang'ombe. Kesho baada ya alfajiri nakwenda, nifike kabla ya mtoto yeyote hajamwekea ile sauti sikioni. Ataniuliza kwa nini. Nitamweleza hasira, nitamweleza waridi na nyayo za mgeni, na vyote hivyo ni kweli. Yeye alimwosha mama yake, akaona tuliyoyaona, akanyamaza kwa dada zake na kwa mumewe mpaka leo hii.

Nitaanza na shikamoo. Baada ya hapo sijui.