Swali la Kumi na Moja: Umekwisha Fungwa?

Jumatatu, 5 mwezi wa sita 2023

Nimepeleka barua kwa mutaa wa Himbi, kwa ile ONG, shirika la maji. Wanatafuta shofere wa lori la maji, kupeleka kambini Kanyaruchinya. Wakimbizi wanaongezeka kila juma, malori ni mawili, shofere ni mumoja. Mimi niko na permi, leseni ya malori, tangu miaka kumi na mbili, na tangu miezi saba niko bila kazi. Wakanipa fomu. Swali la kumi na moja: umekwisha fungwa na polisi? Ndiyo – Hapana. Chini yake mistari mitano, "Eleza."

Mistari mitano! Basi si mimi wa kwanza.

Jumanne, 6 mwezi wa sita

Émérance anasema niandike Hapana. Bibi yangu hakosi misa, lakini fomu haimutishi. Anasema na hii vita, karatasi za polisi ni nani bado anazichunga? Ana haki. Nikaandika Hapana kwa penseli.

Kisha swali la kumi na mbili: mutu wa serikali anayejua kazi yako. Namujua mumoja tu. Afande Munyakazi, yule alinifunga.

Nikafuta Hapana, nikaandika Ndiyo. Karatasi ikatoboka kidogo.

Jumatano, 7 mwezi wa sita

Nimeenda kumuona Munyakazi. Tulisalimiana kama ndugu. Mwezi wa kumi alinikamata kwa barabara ya Sake, mulevi kwa usukani, akanitia kasho siku tatu. Siku ya pili shofere wake akagonjwa, na kwa kituo kizima mwenye permi alikuwa mimi peke yangu. Basi nikamuendesha na jipi yake. Sokoni, ofisini, kwa dada yake. Jioni narudisha funguo, ananifungia tena. Mutu wa heshima sana.

Amekubali kunisemea. "Nitakusifu, Sikuli, mpaka wachoke!"

Hapo ndipo naogopa.

Ijumaa, 9 mwezi wa sita

Wameniita. Mama Micheline, mukubwa wa wafanyakazi, Munande wa Butembo kama sisi. Alianza kwa Kifaransa. Alipoona jasho akaingia Kiswahili.

Nikaeleza vile naelezaga siku zote. Nilipeleka mbuzi za mahari ya shemeji yangu kule Sake. Mwenye kuleta mbuzi anapewa kibuyu cha kwanza cha kasikisi, ile pombe ya ndizi. Ukikataa, muzee wa bibi arusi anakasirika, umetukana familia, na mbuzi zinaweza kurudi na weye. Ningefanya nini? Polisi alinielewa. Padiri alinielewa. Mama Micheline naye akatikisa kichwa, akasema hata kwao muzee anaweza kukasirika juu ya kibuyu.

Kisha akapiga simu kwa Munyakazi mbele yangu, sauti kubwa. "Sikuli? Shofere wa kweli! Hata akiwa mulevi hakugonga mutu!"

Yesu wangu. Niliangalia viatu.

Mama Micheline hakucheka. Akasema ile barabara ya Kanyaruchinya watu wanalala karibu na lami, watoto wanavuka na bidoni za maji, na lori limebeba lita elfu kumi. Hataki kunihukumu. Anataka karatasi moja, kwa mukono wangu, yote ya ile siku. Jumatatu saa mbili. Na bibi atie sahihi chini – hapo kwao ni sheria, kwa kila shofere mwenye aliandika Ndiyo.

Ni kama nimepata kazi! Nimemuletea Émérance samaki.

Jumapili, 11 mwezi wa sita

Nimeandika kisha misa. Karatasi muzuri. Kibuyu kiko, desturi iko, muzee anakasirika vizuri kabisa. Nikamupa Émérance bic atie sahihi.

Alisoma polepole. Akauliza, "Mimi nilikuwa wapi?"

Nikasema nyuma, na Fabiola kwa magoti.

"Haukuandika."

Nikaongeza: bibi na mutoto walikuwa ndani ya gari. Akasoma tena. Hakutia sahihi.

"Papa Fabiola. Muzee hakukasirika. Muzee alisema shofere yuko na safari, apewe Fanta. Mimi nilikuwa nasimama hapo. Ni mimi niliifungua."

Nikamuuliza kwa nini hakusema tangu mwezi wa kumi. Anasema hakuna mutu alimuuliza. Nikamukumbusha Jumanne, alitaka niandike Hapana! Anasema ile Hapana ingekuwa yangu. Hii ni jina yake.

Ile hadithi nimeisema mara nyingi mpaka namuona muzee vile ananisukumia kibuyu. Naona hata pete yake. Lakini sasa naona na chupa pia, iko kwa kiti kidogo, imefunguliwa, inatoa povu. Na Fabiola anainyooshea mukono.

Nikasema, nikiandika hivyo hawatanichukua. Akasema inawezekana. Akaenda kutwanga sombe, majani ya muhogo.

Nimechukua karatasi nyingine. Aibu inanichoma masikio, na niko peke yangu kwa meza. Émérance anauliza toka nje kama nimemaliza. Nimejibu bado.

Mustari wa kwanza uko: Walinipa Fanta. Wa pili nimeuandika sasa hivi, na bic haitaki kwenda mbele: Nikamupa mutoto, nikaomba kasikisi